Prado ya Zahoro Juu ya Kyamabale

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Uliza yeyote aliyewahi kununua ndizi kwangu pale soko la Bukoba, atakwambia Ashura ukimgusa anawaka. Lakini asubuhi ile nilipokwenda kwa Zahoro kukodi gari nilikuwa nimeazimia upole. Nilivaa baibui langu jipya, nikatia leseni kwenye bahasha safi, na njia nzima nikajiapiza kwamba sitampandishia mtu sauti.

Zahoro ana ua lake hapa hapa mtaani kwetu Kashai, nyuma ya maduka, na ndani yake mna magari madogo matatu na Prado moja nyeupe anayoipenda kuliko ndugu zake. Babu yake alitoka Tanga, na maneno matamu ameyarithi huko. Atakuita dada yangu huku anakunyima. Alinipa kiti, akaniuliza hali ya Mama, akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamweleza kwamba naitaka Prado Jumamosi, siku nzima, niende Muleba, nifike Izigo, kisha nipande milima iliyo nyuma yake mpaka juu kabisa, Kyamabale. Akasema hakuna shida, dereva wake atanipitia saa kumi na mbili. Nikamwambia sihitaji dereva, ninayeendesha ni mimi.

Akacheka. Wala hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi. Hapa kwetu gari la kukodi huja na dereva wake kama sufuria na mfuniko, na mwanamke wa miaka hamsini na tisa nafasi yake ni kiti cha nyuma, mkoba mapajani. Nikamwonyesha leseni. Nikamkumbusha kwamba nimeendesha kirikuu miaka kumi na moja, kile kigari kidogo cha mizigo, nikipakia ndizi Izigo na kuzishusha sokoni, masika na kiangazi, mpaka injini ilipokufa mwaka juzi. Zahoro akasema kirikuu ni kirikuu, dada yangu, na Prado ni Prado.

Basi upole wangu ukaishia hapo. Nikamwambia dereva tulishampata mwezi wa pili. Kaka yangu Muhidini alimkodi mtu na gari lake, tukampakia Mama, tukafika mpaka chini ya mlima. Yule bwana akaona mawe, akashuka, akayazunguka mara mbili mikono kiunoni, akarudi akasema gari haliendi. Mama aligeukia dirishani. Njia nzima ya kurudi machozi yalimtiririka kimya kimya akidhani simwoni.

"Dereva wako atalinda gari," nilimwambia Zahoro. "Mimi nalinda jicho la mama yangu, na limebaki moja."

Hilo halikuwa neno la kutisha watu, lilikuwa kweli tupu. Mama yangu, Kokutona, ana miaka themanini na mbili, na presha ya macho imemla. La kushoto lilizima zamani. La kulia linafunga kuanzia pembeni kuja katikati, na sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alitupa matone, akatueleza bila kuzunguka kwamba yatachelewesha tu, na kwamba huenda mwaka usiishe kabla halijafunga lote. Akamwuliza Mama kama ana swali. Mama akasema swali hana, ila anataka kupanda Kyamabale, na apande na Ashura.

Alizaliwa chini ya mlima ule. Usichana wake wote alikuwa akipanda kule juu na wenzake kukata majani, kule kwenye rweya, nchi isiyo na mgomba wala kivuli, mawe na upepo tu. Akiwa na miaka kumi na saba akaolewa na baba yangu, fundi cherehani wa mjini, akashuka Bukoba, na hakupanda tena. Watoto, kazi, magoti, kila mwaka na sababu yake. Ni mwendo usiofika hata saa mbili kwa gari, na miaka sitini na tano imepita.

Zahoro alinyanyuka kitini. Halafu akachukua ufunguo msumarini, akaniambia niitoe ile Prado kinyumenyume mpaka barabarani. Ujue kichochoro chake kilivyo: upande mmoja msingi wa nyumba ya mtu, upande mwingine mfereji, na mwisho wake wamejipanga bodaboda ambao kazi yao ya pili ni kucheka watu. Walipoona mwenye baibui kashika usukani wakazima redio ili wafaidi vizuri. Nikashusha vioo vyote viwili. Nikatoka kwa mwendo mmoja, sikugusa msingi, sikugusa mfereji, na nilipofika barabarani nikapiga honi moja ya kuwaamkia. Hakuna aliyecheka.

Zahoro akanipa gari, shingo upande. Akaniwekea sharti moja, kwamba nisilipeleke mahali pasipo na barabara. Sikusema ndiyo wala hapana. Nilimwambia namshukuru na Mungu ambariki.

Ijumaa jioni Muhidini alikuja kutoka Kagondo kuniharibia. Kaka yangu ni mtu mwema, lakini tangu baba afariki amejipa kazi ya kukataza. Alisema mama wa umri ule hapandishwi kwenye mawe. Alisema gari likibingirika watu watauliza mwanamume wa familia alikuwa wapi. Mwisho akatoa hekima yake yote: atamtuma mtu wa bodaboda akapige video kule juu, Mama aone kwenye simu akiwa amekaa kwake, na uji mkononi. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu vibaya, lakini Mama akaniwahi.

"Simu haina upepo," alisema, akaendelea kumenya ndizi zake.

Tukaondoka Jumamosi baada ya swala ya alfajiri. Mama alikaa mbele, kajifunga kanga mbili, fimbo katikati ya magoti, na kwenye mkunjo wa kanga ameficha kifurushi cha jani la mgomba lenye kahawa kavu za kutafuna. Alisema huendi kwa watu mikono mitupu. Nikamwuliza watu gani, tunakwenda kwenye mawe. Yeye akakaza mkunjo wa kanga.

Prado ilikuwa inateleza kwenye lami bila kelele, mpaka nikaona aibu kwa ajili ya kirikuu changu. Tulipita Kemondo, tukapita Muhutwe. Kila baada ya muda Mama aliuliza, "Unaona nini?" Nikajibu naona barabara. Akauliza tena, nikajibu naona lori la mbele yetu. Mara ya tatu nikamwambia Mama, acha niendeshe, sasa unataka nikuhesabie nguzo za umeme? Akaacha kuuliza. Ningejua alichokuwa akikitafuta ningeuma ulimi.

Izigo naijua kama kiganja changu, nimepakia ndizi kwenye kila kibanja, kila shamba la migomba la pale. Tukaacha lami, tukaingia njia ya udongo chini ya migomba na mibuni, tukipunguza mwendo kwa ajili ya mbuzi na kwa ajili ya salamu, maana kila aliyeniona alitaka kujua Ashura kaipata wapi Prado. Halafu ghafla migomba ikakoma. Huwa inakoma hivyo hivyo, mtu akitoka kwenye kibanja cha mwisho anaingia rweya. Mbele yetu mlima ulikuwa uchi, majani yake yamegeuka rangi ya simba kwa kiangazi cha mwezi wa sita, mawe meusi yametokeza kila mahali, na njia imebaki mistari miwili iliyochorwa na magari ya watu wa mawe ya ujenzi.

Pale alipogeukia yule dereva wa mwezi wa pili mimi nilishuka pia. Sikuyazunguka mawe. Niliyatazama, nikaona tairi la kulia lipande wapi na la kushoto lipite wapi, nikarudi ndani, nikaingiza ile gia ndogo inayovutisha magurudumu yote manne, nikasema bismillahi. Gari likainuka, likalala kidogo upande, likapita. Nikapiga kelele ya furaha peke yangu, na Mama akapiga fimbo sakafuni.

Tukapanda hivyo karibu nusu saa. Sijawahi kufurahi hivyo nyuma ya usukani. Kila kona niliyoimaliza niliona kama namtoa mtu mmoja kwenye orodha ya waliosema siwezi: Zahoro, Muhidini, bodaboda mmoja mmoja. Nadhani ndiyo maana nilijisahau.

Karibu na juu njia ilisimama wima, nayo ilikuwa changarawe tupu, kokoto za mviringo zisizoshikana. Niliingia kwa kasi nikidhani mwendo utatuvusha. Katikati matairi yakaanza kuzunguka bure. Gari halikwenda mbele, likatulia kidogo, kisha likaanza kurudi nyuma polepole, na upande wa kushoto hapakuwa na kitu isipokuwa hewa na Izigo chini kabisa. Nikakanyaga breki, nikavuta na breki ya mkono. Likaburuza hatua mbili tatu, likasimama. Nikashuka mbio, nikasukuma mawe nyuma ya matairi yote manne. Simu ikaita mfukoni, Muhidini. Sikuipokea.

Mama akauliza tumefika wapi. Nikamwambia tumekwama.

Akauliza kama ni pale kwenye changarawe, kabla ya jiwe lenye ufa. Nikainua macho, na kweli, hatua kama arobaini juu yetu kulikuwa na jiwe kubwa lenye ufa katikati.

"Hapo hata ng'ombe walikuwa wakikwama," akasema, wala hakuonyesha wasiwasi.

Nilijaribu mara mbili zaidi. Kila mara kokoto zilirukia nyuma, harufu ya mpira wa kuungua ikajaa, na gari likazidi kuchimba. Nikaona sasa ndiyo basi. Nitashuka kinyumenyume, nitamrudisha Mama nyumbani mara ya pili, na safari hii hatakuwepo dereva wa kumlaumu. Hilo ndilo lililoniuma. Jicho moja, tundu la ufunguo, na mimi nimeshindwa na hatua arobaini.

Wakati nimesimama pale nikilia kwa hasira, wakatokea wanawake wanne wakishuka kutoka juu, kila mmoja na mzigo mkubwa wa majani kichwani. Aliyetangulia alijitaja kwa jina la Annastella, mama wa makamo, mabega mapana, mundu kiunoni. Walikuwa wamekata tangu alfajiri. Kesho yake upande wa mchumba wa bintiye walikuwa wanakuja kujitambulisha, na nyumba ilitakiwa kutandikwa majani mapya sakafuni, kama tunavyomtandikia mgeni wa heshima. Mwenzake mmoja alimtania kwamba nyumba yenyewe ina sementi. Annastella akasema sementi ni ya kila siku, majani ni ya mgeni.

Nikawaomba watusukume. Wakatua mizigo, wakasukuma kwa nguvu zao zote, na gari halikusogea. Ndipo jicho langu likaangukia ile mizigo ya majani, nikajua dawa iko pale, na nikajua pia kwamba siwezi kuiomba. Kumwomba mtu majani aliyomkatia mgeni wake ni sawa na kumwomba chungu chake kikiwa jikoni. Mimi na ulimi wangu wote nikabaki nimefumba mdomo.

Mama hakufumba. Aliwaita dirishani, akawaamkia kwa Kihaya, salamu ndefu za zamani, ukoo mpaka ukoo, mpaka akamfikia bibi yake Annastella, ambaye walikuwa wakikata naye majani kwenye mlima huu huu. Akatoa kifurushi, akamwekea kila mmoja kahawa kiganjani. Wakatafuna. Nikaelewa sasa alikuwa amewabebea nani zile kahawa: yeyote ambaye angekuwa juu, maana yeye alijua kwamba mlimani siku zote kuna mtu.

"Mgeni wa leo ni mimi," akawaambia. "Nitandikieni mimi. Wa kesho tutawakatia mengine, na gari hili litayabeba mpaka mlangoni kwako."

Annastella aliutazama mzigo wake. Kazi ya asubuhi nzima ilikuwa pale. Akamtazama Mama, jinsi anavyogeuzageuza kichwa kumtafuta kwenye lile tundu lake, akapiga goti kidogo, akasema, "Wakola, waitu," ndio asante kwa heshima, akafungua kamba.

Tukayasambaza haraka haraka mbele ya matairi na chini yake. Nikaingia, nikakanyaga mafuta. Matairi yakayatema yote nyuma kwa mpigo mmoja, na nusu yakaishia kichwani kwa Annastella. Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka.

Mlango wa Mama ukafunguka. Alishuka kwa fimbo, akapiga magoti kwenye kokoto, akaanza kuyapapasa majani tuliyotandika. Akakunja uso. Akatuuliza kama hivi ndivyo siku hizi tunavyotandika nyumba, wakwe wateleze mlangoni. Tulikuwa tumechanganya laini na magumu, na tumeyalaza kufuata njia. Laini ni ya juu, ya kupendeza na ya harufu. Yanayomshika mgeni mguu ni yale magumu ya chini, yanalazwa kukingama, shina moja hivi na jingine hivi, yamefumana, na kingo zake zinakandamizwa.

Akaketi palepale akachambua. Hakuhitaji jicho. Vidole vyake vilipita kwenye majani, haya huku, haya kule, haraka kuliko sisi tunaoona. Wanawake wale wanne na mimi tukawa watoto wake wa kazi. Tuliyakingamisha, tukayafuma, tukabana kingo kwa mawe, hatua kwa hatua, mpaka mbele ya gari pakawa na mikeka miwili mirefu ikipanda kuelekea lile jiwe la ufa. Kila tulipomaliza kipande alikipapasa. Vipande viwili alivifumua akatuambia turudie.

Nikamwomba abaki chini na wenzake, apande kwa miguu polepole mimi nikishapita. Niliogopa, na nilimwambia wazi kwamba naogopa. Akaniambia hajapata kuona mgeni aliyetandikiwa akaambiwa asubiri nje. Akapanda kiti chake, akafunga mkanda.

Nikaachia breki. Tairi likauma majani. Nililisikia likiuma, kwenye mikono yangu, kwenye usukani. Gari likatetemeka, likashika, likapanda pole pole, hatua kumi, ishirini, majani yakilia chini yetu. Sikuachia mafuta. Jiwe la ufa likaja dirishani, likapita, likabaki nyuma. Mbele ikawa tambarare na mbingu tu, na nyuma yetu wanawake wanne wakapasua vigelegele ambavyo nadhani vilifika Izigo. Nikazima gari, nikauegemeza uso kwenye usukani wa Zahoro, nikalia kwa raha.

Upepo wa kule juu unakusukuma. Nilimshika Mama mkono, tukatembea juu ya mawe mpaka ukingoni. Alisimama, akaanza kugeuza kichwa taratibu, kama mtu anayetafuta kituo kwenye redio ya zamani. Kikatulia.

"Ziwa nimeliona," alisema.

Nikangoja aseme zaidi. Nilidhani atalia, au atakaa chini, atazame mpaka achoke. Badala yake akanigeukia.

"Sasa wewe. Unaona nini?"

Nikasema naona ziwa. Akanipiga fimbo ya mguu, si ya utani. Akasema ziwa nimeliona maisha yangu yote kutokea sokoni na bado silijui, nitazame vizuri, niseme. Basi nikasema. Nilianza kwa kigugumizi. Nikasema maji si rangi moja, karibu na ufuko ni ya kahawia, halafu kijani, halafu bluu, halafu mbali kabisa hayana rangi na huwezi kujua yanaishia wapi. Nikasema Bumbire, kile kisiwa kikubwa, imelala pale upande wa kulia, ndefu, na visiwa vidogo vimeifuata. Nikasema kuna kivuli cha wingu kinatembea juu ya maji, kinakuja upande wetu. Akauliza mitumbwi. Nikaihesabu, kumi na minne. Akaniambia nisiruke nchi kavu, nikarudi nikataja vibanja vilivyo kama viraka vyeusi katikati ya rweya ya manjano, mabati yanavyometa, barabara tuliyopita, moshi wa jiko la mtu. Akanisahihisha: huo si moshi wa jiko, upande ule wanachoma mkaa tangu zamani. Nikatazama tena, na ni kweli.

Nilisema mpaka sauti ikakauka. Mama alikuwa amefumba macho yote mawili.

"Muhidini alitaka nchi hii niione mimi," alisema. "Mimi nilishaiona. Nilitaka uione wewe. Jicho hili likifunga, ningemwuliza nani?"

Nikaukaza mkono wake mkononi mwangu. Yeye akavuta pumzi ndefu ya ule upepo, akajifunga kanga vizuri.

"Sasa likitaka, lifunge," akasema.

Kisha akaomba mundu. Deni la majani lilikuwa bado. Annastella alimpa wake, na Mama yangu wa miaka themanini na mbili akainama, akashika fungu kwa mkono wa kushoto, akakata. Alikata mafungu saba, akachoka, akakaa kwenye jiwe kutuamuru. Tulipomaliza tuliyafunga juu ya Prado, tukajaza buti, tukajaza kiti cha nyuma, na wanawake wale wakaketi juu ya majani yao. Yale laini Annastella aliyatandika mbele, chini ya miguu ya Mama. Tukashuka tukiimba. Mlangoni kwa Annastella watu walitoka wakatazama, maana majani ya mgeni hayajapata kuingia kijijini kwa Prado.

Zahoro alitusubiri kwenye ua wake, na Muhidini alikuwa pembeni yake, uso umemvimba. Zahoro aliona vumbi, akaona majani yamening'inia juu, akafungua mlango akaona majani mpaka kwenye sakafu ya gari lake. Akaniuliza nimelipeleka wapi. Nikamwambia nimelipeleka Kyamabale, juu kabisa, na nusu ya njia haikuwa barabara. Akalizunguka gari lote akitafuta mkwaruzo. Hakuupata. Akazunguka tena. Mama akashusha kioo, akamwambia kwamba gari lake limetandikiwa majani mara mbili kwa siku moja, na kuna machifu hawakupata heshima hiyo. Zahoro akaokota jani moja kwenye kiti. Halafu akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli kutoka kule mtu anaiona Bumbire yote, maana yeye kazaliwa Bukoba na hajawahi kufika.

"Mwulize Ashura," Mama akasema. "Ndiye aliyeiona."

Nikamsimulia yeye na Muhidini palepale uani. Kaka yangu alikuja kunigombeza, akaishia kuniuliza habari za mitumbwi.

Jicho lilifunga mwezi wa kumi na mbili. Mama alitutangazia asubuhi moja akiwa anakunywa uji, kwa sauti ile ile anayotumia kusema chumvi imekwisha. Mimi niliingia chumbani nikalia. Nilipotoka alikuwa ameshahama na mkeka wake kwenda barazani, akaniita, akasema nimpeleke Kyamabale. Nikampeleka kwa maneno, kuanzia lami mpaka kwenye jiwe. Tangu siku hiyo ni kila siku baada ya alasiri, na hapiti mtu mtaani asiyesimama kidogo kusikiliza. Nikiruka kitu ananirudisha.

Na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nachukua Prado. Zahoro hataji dereva tena. Ufunguo ananiachia msumarini, na bodaboda wa kichochoroni wakisikia honi yangu wananipisha. Napanda milima mipya, rweya ambazo sizijui, na kwenye mkoba sikosi kahawa za kutafuna.

Juzi nilikwenda mbali, upande wa Nshamba, mlima mrefu kuliko Kyamabale. Nilirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa barazani, akauliza nilikuwa wapi, nikamtajia. Akainamisha kichwa akifikiri.

"Huko mimi sijawahi kufika," alisema.

Nikajuta kupataja. Nilidhani nimemwumiza, nimemtajia mahali ambapo hatapaona kamwe. Lakini yeye alijisogeza ukutani, akanyoosha miguu kama vile alivyokaa kwenye kiti cha mbele, na fimbo akaiweka katikati ya magoti.

"Anzia chini," akasema. "Na usiruke kona hata moja."

Basi nikawasha gari.